Maradhi Yasafiriyo kwa Meli

Mtu akaaye Machakos, mbali na bahari, aweza kuuliza, "Maradhi ya melini yanihusu nini?" Historia ya nchi yampa jibu.

Zamani misafara ya miguu kutoka Mombasa ilichukua majuma kadha kufika Ukambani. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, mwendo huo ukawa wa siku chache tu, na maradhi nayo yakapata njia ya haraka. Mwaka 1902 tauni ilizuka Nairobi, na mtaa wa maduka ya Wahindi ukachomwa moto kwa amri ya mganga wa Serikali. Mwezi wa Septemba 1918 homa kali ya mafua iliingia Mombasa kwa meli, ikapanda bara kwa reli, ipitayo Makindu, Sultan Hamud na Konza, ikaua maelfu ya watu nchini.

Kwa hiyo ulinzi wa bara huanzia bandarini. Kwa Kanuni za Afya za Kimataifa, zilizoanza kutumika mwaka 2007, nahodha hana budi kuwaarifu maafisa wa afya wa bandari, kabla ya kufika, kama ana wagonjwa wa maradhi ya kuambukiza. Bendera ya manjano mlingotini si dalili ya maradhi, kama wengi wadhanivyo. Maana yake ni kwamba nahodha asema chombo chake ni kizima, naye aomba ruhusa ya kuingia. Cheti cha usafi wa meli hudumu miezi sita. Kamba za kufungia meli huvishwa sahani za bati ili panya wasishuke, kwa maana panya afapo kwa tauni, viroboto wake humwacha na kutafuta damu nyingine, hata ya mtu.

Lakini kazi hii yote yategemea neno la kweli la nahodha. Akimficha baharia mmoja mgonjwa kwa kuogopa shehena kucheleweshwa, ahatarisha watu asiowajua, walio mbali na pwani.

Kijijini ni vivyo hivyo. Panya wakifa wengi bila sumu, au homa ikiwaangusha watu kadha wa nyumba moja, yapasa habari ifike zahanati siku ile ile. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua; na kwa maradhi ya kuambukiza, jirani zake pia huangamia pamoja naye.