SOMO LA KAMARI YA SANDUKU, NA HUKUMU YA MWENYE DUKA ALIYELIPOKEA

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake (S.A.W.), somo hili ni khabari ya sanduku la kamari, lile ambalo watu wa Tanzania huliita dubwi au bonanza, linalokula sarafu ya shilingi 200 na kuzungusha picha.

Masala yenyewe ni haya. Mtu Mwislamu ana duka Galula, katika bonde la Ziwa Rukwa, Wilaya ya Songwe. Amejiwa na mwenye masanduku, akamwambia: “Mzee wangu, wewe hutacheza wala hutamwita mtu kucheza. Nipe pembe moja ya baraza yako, na umeme. Na kila juma tutalifungua sanduku pamoja, tugawane kilichomo.” Je, fungu lile ni halali kwa mwenye duka?

Jawabu halipatikani ila ijulikane kwanza kamari iliyoharamishwa ilikuwa kamari gani. Wafasiri wamepokea kuwa Waarabu wa Jahiliya walikuwa wakimchinja ngamia ambaye thamani yake haijalipwa, wakaigawa nyama mafungu, kisha wakatia mishale 10 katika mfuko. Mishale 7 ilikuwa na mafungu, wa kwanza fungu moja, na wa saba, uitwao Mualla, mafungu saba; na mishale 3 ilikuwa mitupu. Aliyetokewa na mtupu ndiye aliyelipa thamani ya ngamia. Na walioshinda hawakuila nyama ile, bali waliwapa mafakiri wakajifakhirisha kwayo, na asiyeingia katika mchezo wakamtukana kuwa ni bakhili. Basi kamari ile ilikuwa na nafuu yake, wenye njaa walishiba. Na juu ya hayo aya ya 219 ya Suratul Baqara ikabainisha kuwa dhambi yake ni kubwa kuliko nafuu yake, kisha aya ya 90 na ya 91 za Suratul Maida zikaikata kabisa, zikaiweka pamoja na ulevi na masanamu, na zikataja sababu: uadui na chuki baina ya watu, na kuzuiliwa na dhikri na Sala.

Sasa litazamwe sanduku. Hili halimshibishi fakiri yeyote, na ubaya wake umezidi wa mishale kwa jambo moja: mishale ile kila mchezaji aliijua hesabu yake, lakini hesabu ya sanduku imefichwa ndani ya chuma.

Masanduku ya kwanza yalitengenezwa Marekani mwishoni mwa karne ya 19. Mmoja wa mafundi wake alikuwa Charles Fey wa San Francisco, na sanduku lake lilikuwa na magurudumu matatu yaliyozunguka kweli kwa meno na springi. Leo linaloamua ni kompyuta. Mara kitufe kinapobonyezwa, namba imekwisha kuchaguliwa, na mzunguko wa picha ni pazia tu. Mwaka 1984 mtu aitwaye Inge Telnaes alipata hati ya Marekani ya kuhifadhi uvumbuzi wa namna hii, na faida yake kwa wenye masanduku ni kubwa. Ichukuliwe gurudumu linaloonyesha picha 22, na moja katika hizo ndiyo ya ushindi mkubwa. Mchezaji akiyaona magurudumu matatu hudhani nafasi yake ni moja katika 10,648. Lakini ndani ya kompyuta kila gurudumu laweza kupewa namba 64, na picha ya ushindi ikapewa namba moja tu katika hizo. Basi nafasi ya kweli ni moja katika 262,144. Na zile picha za jirani zaweza kupewa namba nyingi, ili mchezaji aione picha ya ushindi imepita juu kidogo au chini kidogo, aseme “nilikaribia,” atie sarafu nyingine. Hakukaribia.

Wenye kasino husema: sanduku letu si la wizi, katika kila shilingi 100 linarudisha 90. Na isadikiwe kuwa ni hivyo. Mtu ameingia na shilingi 10,000, yaani sarafu 50. Akizipitisha zote mara moja, kwa wastani zitabaki 9,000. Lakini haondoki, huzipitisha tena, zikabaki 8,100, kisha 7,290, na akifika mara ya saba amebakiwa na 4,783, chini ya nusu. Siku moja mtu mmoja atashinda, na sauti ya sarafu zikimwagika itasikika njia nzima. Kimya cha walioliwa hakisikiki. Bila ya ushindi huo wa mara moja moja watu wasingerudi. Mwanachuoni wa Marekani B. F. Skinner aliona kuwa njiwa anayepata punje mara kwa mara pasipo mpango hudonoa kwa bidii kuliko anayepata kila akidonoa.

Wako wanaosema: aya imetaja uadui baina ya watu, na hapa mtu anacheza na chuma, atamchukia nani? Na awaulize walio nyumbani kwake. Fedha ya ufuta iliyouzwa asubuhi, iliyokuwa ya sare za watoto, ikiisha barazani kabla ya Alasiri, uadui hautakwenda kwa chuma.

Wengine hushika hoja ya serikali. Ni kweli kuwa Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 iliunda Bodi yake Tanzania, na sanduku lenye leseni si kosa kwa sheria hiyo, maadamu hachezi aliye chini ya miaka 18. Lakini leseni ni rukhusa ya dola, nayo hugeuka kwa mahali. Mfano wake ni meli kubwa za utalii, ambazo ndani yake mna kasino zenye safu za masanduku haya. Meli ikiwa bandarini, mara nyingi kasino hufungwa, kwa sababu ya sheria za nchi ile. Ikiisha kuvuka maili 12 za bahari, taa huwashwa na watu hukaa kucheza. Maji ni yale yale, sanduku ni lile lile. Na haramu ya Mwenyezi Mungu haina mpaka wa maili.

Hoja iliyo nzito kwa watu wa nchi ile ni nyingine, nayo yastahili kujibiwa kwa heshima. Upande ule ni jirani wa Lupa, ambako dhahabu iliwaita watu wengi tangu miaka ya 1920, na hata leo wachimbaji wadogo wako. Mchimbaji husema: “Mimi pia nabahatisha. Nachimba miezi mitatu, nakosa. Mwenzangu anachimba siku tatu, anapata. Kama sanduku ni kamari, na duara langu ni nini?” Jawabu ni kuwa kutojua matokeo peke yake si kamari, mkulima hajui mvua, wala mfanya biashara hajui bei ya kesho. Kamari ni kila mmoja kuweka mali yake ili faida ya huyu iwe ni khasara ya yule, pasi na kazi wala bidhaa baina yao. Mchimbaji akipata, hakumnyang’anya mtu, ameitoa ardhini kwa jasho lake, na dunia imezidi dhahabu. Ndiyo maana Sheria imeiwekea zaka: kwa madhehebu ya Shafi, dhahabu ya madini ikifika nisabu ya mithqali 20, karibu gramu 85, hutolewa robo ya ushuru wake, yaani sehemu moja katika 40, wala haingoji mwaka. Mali ya sanduku haina zaka, kwa kuwa si milki ya aliyeishika.

Ama mwenye duka, fungu lake ni haramu, hata kama hakuligusa sanduku kwa kidole. Ijara ya manufaa yaliyoharamishwa ni batili, na aya ya 2 ya Suratul Maida imekataza kusaidiana katika dhambi. Tena yeye hakupata kodi ya pembe tu. Amepata sehemu ya kilicholiwa, basi kadiri jirani zake wanavyopoteza ndivyo anavyozidi. Mtume (S.A.W.), katika hadithi ya Abu Huraira waliyoipokea Bukhari na Muslim, amemwamrisha sadaka yule aliyemwita tu mwenzake kwenda kucheza kamari. Ikiwa neno tupu lina kafara, itakuwaje baraza na umeme?

Na ikiwa amekwisha lipokea, alitoe bila ya kungoja mwisho wa mwezi, wala asione kuwa anavunja ahadi, kwani mapatano yale hayakusihi tangu asili. Alichokwisha kupata, anayemjua mwenyewe amrudishie, khasa sarafu za watoto, kwani wazazi wao wajulikana. Asiowajua, Imamu Ghazali ameeleza katika Ihya kuwa mali ya namna hii huondoshwa kwa kupewa mafakiri au manufaa ya watu wote, kama daraja na kisima, si kwa kutaraji thawabu bali kwa kujivua. Akiwa hakuandika hesabu, akadirie mpaka dhana yake itue kuwa hakupunguza. Na akiwa yeye mwenyewe ni fakiri asiye na kingine, yajuzu abakishe kadiri ya haja yake. Wallahu aalam.