Majina ya Ndege na Miti: Yatoka Wapi?

Somo: Mwanzo 2:19-20

Twajua kwamba Mungu ndiye aliyeumba kila kiumbe, lakini kazi ya kuwapa wanyama na ndege majina alimwachia mwanadamu. Kazi hiyo haikuishia katika bustani ya Edeni. Wazee wa Kilosa na Mikumi nao waliifanya, wakaturithisha majina mengi. Basi mwezi huu na tuyachunguze, tuone jinsi jina linavyozaliwa, tena jinsi ya kulipima tusije tukadanganyika.

1. Jina lililotoka kwa mti

Mgeni akisikia Mikumi, hudhani mara moja kwamba ni habari ya kumi na hesabu. Sivyo. Kumi zikiwa nyingi twasema makumi, wala hatusemi mikumi. Silabi ile ya kwanza yatuonyesha kwamba neno hili ni la ngeli ya mti na miti: mkumi mmoja, mikumi mingi. Mkumi ni mti mrefu wa jamii ya mnazi, ambao watu wa pwani huuita mvumo au mtapa. Shina lake huvimba kidogo juu ya kati yake, na matunda yake ni makubwa. Tembo huyapenda, huyala, kisha huziangusha kokwa mbali na mti uliozaa, nazo huota huko. Kwa mti huu mji uliitwa Mikumi, na hifadhi ya taifa iliyowekwa mwaka 1964, ambayo leo ina kilometa za mraba 3,230, ikachukua jina lilo hilo.

Hapa twapata kanuni ya kwanza: usilihukumu jina kwa jinsi linavyosikika katika lugha yako. Waulize wenye lugha, kisha ukakitazame kitu chenyewe.

2. Majina ya sauti na ya kazi

Ndege wengi wamejitaja wenyewe. Dudumizi hulia kwa sauti nzito, du-du-du, kama maji yanayomiminika kutoka katika mtungi wenye shingo nyembamba. Hudihudi amepata jina lake kwa Waarabu, nao walilitwaa katika mlio wake. Wengine wameitwa kwa kazi yao: kigogota ni yule agogotaye shina la mti kwa mdomo, akitafuta wadudu.

Wataalamu wana desturi nyingine. Arthur Loveridge, Mwingereza aliyefanya kazi Kilosa baada ya Vita Kuu ya kwanza, alikusanya ndege na wanyama wengi. Na mwaka 1922 chozi mmoja wa milima ya Uluguru alipewa jina la kitaalamu kwa heshima yake. Desturi hiyo si mbaya, ila jina la namna hiyo latueleza habari za mtu, wala halisemi neno juu ya ndege. Lakini mtoto aliyefundishwa jina kigogota amekwisha kufundishwa jambo moja la kweli juu ya ndege huyo kabla hajamwona.

3. Jina lililohama

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya katani kutoka Florida, Marekani. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutoka hiyo michache mmea ulienea, hata ukafika Kimamba na mashamba mengine ya Kilosa. Watu waliuitaje mmea huo mgeni? Tayari walikuwa na mmea wa porini uitwao mkonge, wenye majani marefu ya nyuzi za kusokotea kamba. Walipoona kwamba mgeni naye ana nyuzi, wakamvika jina la mwenyeji. Leo ukisema mkonge, karibu kila mtu hufikiri ule wa mashambani, na mwenyeji hana budi kuitwa mkonge wa porini ili atambulike. Mgeni ameirithi nyumba, na mwenye nyumba amebaki uani.

4. Jina si cheti cha daktari

Mwarobaini ni mti uliotoka Bara Hindi. Umeitwa hivyo kwa kuwa watu walisema waponya magonjwa arobaini. Hiyo ni sifa, wala si hesabu iliyopimwa. Tena katika miti ya dawa jina moja huweza kuitwa miti miwili katika vijiji viwili, mmoja ukiwa hauna madhara na mwingine una sumu. Kwa hiyo mtu asinywe kitu kwa kulitegemea jina tu, wala asimnyweshe mtoto.

5. Kwa nini yatupasa kuyahifadhi

Fungueni Mambo ya Walawi 11:13-19. Katika Biblia ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1952 mtawakuta dudumizi, mumbi, koikoi na hudihudi. Wafasiri waliweza kuijaza orodha ile kwa sababu walikuwapo watu waliowajua ndege kwa majina yao. Kama watu hao wangalisema "ndege tu", wafasiri wangaliandika nini? Lakini siku hizi watoto wetu wengi husema hivyo hivyo: ndege tu, mti tu. Kitu kisicho na jina hakikumbukwi, na kisichokumbukwa hukatwa bila kuulizwa. Ikiwa mikumi itakwisha, jina la mji litakuwa kama kaburi lisilo na mtu wa kusimulia habari za aliyelala humo.

Maswali ya kujibu nyumbani

1. Mwulize babu au bibi majina ya ndege watatu na miti mitatu kwa lugha ya kwenu. Kila jina latokana na nini: sauti, kazi, umbo, au mahali kilikotoka?
2. Je, mzee mwingine akubali maelezo hayo? Kama hakubali, andika maneno ya wote wawili.
3. Nenda ukamtazame ndege au mti wenyewe. Je, jina lake lashuhudia kweli?

Leteni daftari zenu Jumapili, tuzisome pamoja baada ya ibada.