SOMO LA AFYA: PIMA MAENDELEO YA MAZOEZI YAKO YA NGUVU

Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa hapa Rungwe haridhiki kusema kwamba ng'ombe wake anaendelea vizuri. Hupima lita za asubuhi na za jioni, akaziandika. Zinapopungua, hujua mapema kwamba kuna jambo. Mwili unaofanya mazoezi ya kunyanyua uzito nao wahitaji daftari la namna hiyo.

Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima kufanya mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki, pamoja na dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani, kama vile kutembea kwa haraka. Wengi huanza kwa ari, kisha huacha baada ya wiki chache kwa sababu hawaoni badiliko katika kioo wala katika mizani. Hata hivyo, nguvu za mwanzo hutokana zaidi na mishipa ya fahamu kujifunza kuiamuru misuli. Umbo hufuata baadaye. Asiyepima huacha wakati ambapo tayari amepiga hatua.

Je, abebaye mikungu ya ndizi au magunia ya viazi ahitaji somo hili? Naam. Mzigo wa shambani huelemea bega lile lile, hauongezwi kwa kiasi, wala haumpi mtu siku ya kupumzika. Zoezi lina kipimo.

Uzito

Si lazima kununua vyuma. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Hivyo dumu lenye lita 8 ni takriban kilo 8. Ukitaka kuongeza nusu kilo, ongeza nusu lita.

Daftari

Andika tarehe, zoezi, kilo, marudio, mizunguko na jinsi ulivyojisikia. Zidisha kilo kwa marudio kwa mizunguko ili kupata jumla ya kazi. Mfano:

Wiki ya 1: 8 × 8 × 3 = 192
Wiki ya 4: 8 × 12 × 3 = 288
Wiki ya 5: 9 × 8 × 3 = 216

Katika wiki ya 5 jumla imeshuka, lakini huko si kurudi nyuma: uzito umepanda, na marudio yataongezeka tena. Kwa hiyo linganisha wiki zenye uzito uleule. Ongeza maji pale tu unapomaliza marudio 12 katika mizunguko yote, kwa siku 2 mfululizo za mazoezi, bila kupindisha mgongo.

Wazee

Kaa katika kiti imara kilichoegemezwa ukutani, mikono ikiwa kifuani. Hesabu mara unazosimama wima kwa sekunde 30, mtu mwingine akiwa karibu. Rudia kila mwezi. Idadi ikipanda, miguu inapata nguvu, na hatari ya kuanguka katika njia zetu zenye utelezi wa mvua hupungua.

Tahadhari

Usizuie pumzi unaponyanyua. Kufanya hivyo hupandisha shinikizo la damu. Mwenye shinikizo la juu la damu, ugonjwa wa moyo au ujauzito apate kwanza ushauri katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu naye. Maumivu ya kifua au kizunguzungu ni amri ya kuacha mara moja.

Zoezi la nyumbani

Ukinyanyua kilo 9 mara 10 kwa mizunguko 3, jumla ni ngapi? (Jibu: 270.) Iandike leo katika ukurasa wa kwanza wa daftari lako.