Ugonjwa Unaoingia na Viatu
Kijitabu cha afya kwa familia za Kolwezi na mitaa ya migodi ya Lualaba

Mtoto akikohoa mwezi mzima, tunanunua dawa ya kikohozi. Dawa ina kazi yake. Lakini akimaliza chupa na kurudi kucheza kwenye vumbi lile lile, kikohozi kitarudi, nasi tutarudi dukani. Kijitabu hiki kinazungumzia chanzo.

Vumbi la kwetu

Vumbi la Kolwezi limebeba shaba, kobalti, na mahali pengine hata urani. Mwaka 2014, katika mtaa wa Kasulo, kobalti ilipatikana chini ya nyumba za watu, na mashimo yakachimbwa katikati ya makazi. Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walipima mkojo na damu ya wakazi. Matokeo yalitolewa mwaka 2018: watu wa Kasulo walikuwa na kobalti nyingi kuliko wa mtaa jirani usio na mashimo, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto. Mtoto hutambaa chini, kisha hutia vidole mdomoni. Ndiyo maana tunaanza na sakafu.

Baba anayetoka machimboni avue viatu na nguo za kazi nje, anawe kabla ya kumbeba mtoto. Nguo hizo zifuliwe peke yake, si katika beseni moja na za mtoto mchanga. Mifuko ya mawe ya madini isilale ndani. Mama, usifagie pakavu: vumbi litapanda hewani na kutua kwenye chakula. Nyunyiza maji kwanza, au pitisha kitambaa chenye maji. Watoto wanawe kwa sabuni hadi chini ya kucha kabla ya kula.

Sufuria

Mwili wenye upungufu wa madini ya chuma hufyonza kobalti na risasi kwa wingi zaidi. Kwa hiyo chakula ni kinga hapa kwetu. Bukari peke yake haitoshi. Weka maharage, kapenta, sombe au lengalenga, na nyama ukijaliwa. Kamulia ndimu kwenye mboga, au mpe mtoto pera baada ya kula, ili chuma kiingie vizuri. Chai isubiri, kwa sababu inakizuia. Osha mboga kwa maji safi mara mbili au tatu. Maji huondoa vumbi la juu tu, hayatoi kilichoingia ndani ya jani, hivyo epuka mboga zilizolimwa karibu na mabaki ya migodi au kumwagiliwa maji yanayotoka huko. Tena, mbabula yenye makala isiingizwe chumba cha kulala. Gesi yake huua watu usingizini.

Moyo na akili

Hofu ya shimo kuporomoka, madeni, mke anayesubiri usiku: haya huumiza kichwa, hufukuza usingizi, hupandisha presha. Wengi huyazima kwa lutuku, na lutuku huharibu ini na amani ya nyumba. Zungumza na mtu unayemwamini. Keti kimya jioni, vuta pumzi polepole na kuitoa polepole zaidi. Sala na kwaya huwapa wengi nguvu, nasi tunazithamini. Ila hakuna pumzi wala sala inayochukua nafasi ya kipimo cha malaria.

Jihadhari pia na wauza dawa za "kusafisha damu". Ukikata chanzo, figo zenyewe hutoa sehemu kubwa ya kobalti kwa mkojo. Risasi ni tofauti: hujificha mifupani miaka mingi. Hiyo tuizuie isiingie kabisa.

Mtoto mwenye homa, anayepumua kwa shida au mwenye viganja vyeupe apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Familia haiwezi kulimaliza vumbi la barabara peke yake. Kwenye mkutano wa mtaa, akina baba na akina mama, daini pamoja barabara za malori zimwagiliwe maji wakati wa kiangazi, na uchimbaji uondoke kati ya nyumba.