Yule Bibi wa Ngazini

SOMA KWA AJILI YA SOMO HILI: Mwa. 3:1–5, 1 Sam. 28:3–19, 2 Sam. 12:15–23, Ayu. 7:9, 10, Mhu. 9:5, 6, 10; Yn. 11:11–14; 1 The. 4:13–18.

FUNGU LA KUKARIRI: Ayubu 7:10. Likariri kutoka katika Biblia yako.

SABATO MCHANA

Katika jimbo la Norfolk, Uingereza, liko jumba la karne ya 17 liitwalo Raynham Hall, makao ya ukoo wa Townshend. Mwaka 1713 Charles Townshend alimwoa Dorothy Walpole, dada yake Robert Walpole, ambaye huhesabiwa kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Uingereza. Dorothy alifariki mwaka 1726. Kumbukumbu zinasema aliuawa na ndui.

Lakini watu walisimulia mengine. Walisema mumewe alimfungia chumbani hadi kufa, na kwamba bado anatembea humo usiku, amevaa gauni la rangi ya hudhurungi. Septemba 19, 1936, wapiga picha wawili, Kapteni Provand na Indre Shira, walipiga picha ya ngazi za jumba hilo. Picha ilionyesha umbo jeupe kama mtu aliyejifunika shela, akishuka. Desemba mwaka huohuo ilichapishwa katika jarida la Country Life, na tangu hapo imezunguka duniani kote.

Je, ni Dorothy aliyekuwa akishuka ngazi zile?

JUMAPILI: Hatarudi Nyumbani Kwake

Soma Ayubu 7:9, 10 na Mhubiri 9:5, 6, 10. Mafungu haya yanasema nini kuhusu aliyekufa na nyumba aliyoiacha?

Ayubu anatumia mfano wa wingu. Likishatoweka angani, hakuna awezaye kulikusanya tena. Ndivyo alivyo mtu ashukaye kaburini: harudi kwake, na mahali alipoishi hapamwoni tena. Mhubiri anaongeza kwamba upendo wake, chuki yake na wivu wake vimekoma pamoja naye. Basi kama Dorothy alikuwa na uchungu na mumewe, uchungu huo ulikoma siku ile aliyofumba macho. Hana kisasi cha kulipa wala kilio cha kupeleka kwa mtu. Amelala, kama Yesu alivyosema juu ya Lazaro (Yn. 11:11–14).

Wajuzi wengi wa kamera wameieleza picha ile kwa njia za kawaida: picha mbili kupigwa juu ya filamu moja, au mwanga kuingia mahali usipotakiwa. Lakini imani ya Mkristo haisimami juu ya maelezo hayo. Hata kama kamera isingekuwa na kosa lolote, Neno la Mungu limekwisha kusema ni nani ambaye hakuwapo pale.

Kama wafu hawajui neno lolote, hilo ni habari njema au habari ya kusikitisha kwa mama aliyekufa akiwaacha watoto wadogo? Kwa nini?

JUMATATU: Uongo wa Kale, Jeraha Jipya

Soma Mwanzo 3:4 na 1 Samweli 28:3–19. Sauli alikuwa katika hali gani alipomwendea mwanamke wa Endori?

Miongoni mwa waliokuza sifa ya jumba la Raynham ni mwandishi Florence Marryat. Alisimulia jinsi baba yake, Kapteni Frederick Marryat, alivyokutana na bibi huyo ukumbini na kumfyatulia bastola. Habari hiyo aliiandika mwaka 1891 katika kitabu ambacho jina lake, kwa Kiswahili, ni “Hakuna Kifo.” Jina hilo lina sauti ileile iliyosikika Edeni.

Hata hivyo, Florence hapaswi kuchekwa. Alikuwa amezika binti mchanga, mtoto wa siku chache tu. Miaka mingi baadaye, katika vikao vya wenye pepo, aliamini kwamba amemwona binti huyo tena. Hapo ndipo penye nguvu ya uongo wa nyoka: hauji kwa watu wajinga tu, huja mahali panapouma. Sauli naye alikwenda Endori usiku akiwa na hofu, baada ya Mungu kunyamaza. Alichokipata hakikumtia nguvu; kilimwangusha chini kifudifudi.

Si kila hadithi ya mzuka ni kazi ya mashetani. Nyingine ni uzushi, nyingine ni macho kudanganyika. Lakini Shetani aweza kujigeuza afanane na malaika wa nuru (2 Kor. 11:14), na anayeamini kwamba wafu hutokea hana kinga siku sura ya mpendwa wake itakaposimama mlangoni.

Linganisha na Daudi katika 2 Samweli 12:15–23. Naye alifiwa na mtoto mchanga. Hakutafuta mpiga ramli. Alioga, akaingia nyumbani mwa Bwana, akaabudu. Alijua kwamba mtoto hatamrudia.

IJUMAA: Kwa Kujifunza Zaidi

Soma 1 Wathesalonike 4:13–18. Paulo hawakatazi wafiwa kulia. Anawapa sababu ya kulia wakiwa na tumaini. Bwana atashuka, nao waliolala katika Kristo wataamka. Wafiwa hawahitaji kivuli ngazini. Wameahidiwa mtu kamili, mwenye mwili na sauti, asiyekufa tena.

MASWALI YA KUJADILI

1. Dada mmoja kanisani anasema marehemu mama yake humjia usiku na kumfariji. Mtamwambia nini bila kumjeruhi?

2. Hadithi ya Raynham ilimfanya Charles Townshend mtesaji wa mkewe. Visa vya mizuka huwadhuru vipi watu wasioweza tena kujitetea?

3. Katika msiba uliopita mtaani kwenu, je, waombolezaji walisikia habari ya ufufuo?