Kifafa na Magonjwa ya Akili: Somo la Kuzungumzwa Kikaoni

Kwa wanakamati wa sharika na parokia, pamoja na wafadhili wetu.

Somo la robo hii linahusu jambo ambalo kamati nyingi hulipita haraka. Tukikutana kuzungumzia bomba la maji au miche ya miti, kikao huweza kwenda mpaka jioni. Akitajwa kijana anayeanguka kifafa, au mama anayefungiwa chumba cha uani kwa sababu ya ugonjwa wa akili, watu hutazama chini na ajenda husogezwa. Tunaomba somo hili lisomwe kwa sauti, kipande kwa kipande, na watu waruhusiwe kukatiza.

Tuanze na historia ya milima yetu wenyewe. Pale Lutindi, upande wa Korogwe, mwaka 1896 Waprotestanti wa Ujerumani walifungua makao ya watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Mwaka 1904 makao hayo yalianza kutunza wagonjwa wa akili, yakawa miongoni mwa hospitali za kwanza kabisa za aina hiyo katika Afrika Mashariki. Hospitali ipo mpaka leo, chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, na mikono mingi imefanya kazi njema pale. Hata hivyo tusiisome historia hii kwa upande mmoja. Mzungu aliyeugua akili katika makoloni ya wakati ule kwa kawaida alipandishwa meli akarudishwa kwa jamaa zake. Mwafrika alipelekwa mbali na jamaa zake. Mazoea ya kuona kwamba mgonjwa wa akili ni mtu wa "kupelekwa" yana mizizi hapo pia, si katika mila zetu peke yake.

Ubaguzi ulivaa hata koti la daktari. Dk. J. C. Carothers, aliyeongoza hospitali ya Mathari jijini Nairobi, aliandika kitabu kuhusu akili ya Mwafrika, na Shirika la Afya Duniani likakichapisha mwaka 1953. Alidai kwamba Mwafrika hutumia kidogo sehemu ya mbele ya ubongo, akamfananisha na Mzungu aliyekatwa sehemu hiyo kwa upasuaji. Alidai pia kwamba sonona ni nadra kwa Waafrika. Wataalamu waliyakataa madai hayo zamani, lakini fikirini matokeo yake: ugonjwa ukishasemwa haupo, hakuna anayefundishwa kuutafuta, wala fedha hazitengwi. Mpaka leo utakutana na mtu anayesema mwanakijiji hana sonona, ana uvivu tu.

Sasa tuje kwenye kifafa, kwa sababu hapo ndipo kamati inaweza kufanya kitu mapema zaidi. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Huweza kutokana na matatizo wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, kuumia kichwa, au minyoo ya tegu inayotokana na nguruwe. Mara nyingine chanzo hakijulikani. Hakiambukizi, wala kwa mate wala kwa povu. Shirika la Afya Duniani linasema hadi watu 70 kati ya 100 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa ipasavyo, na fenobabitali, dawa ya miaka mingi, ni ya bei nafuu. Lakini utafiti wa wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2012, ulikuta takriban theluthi mbili ya wenye kifafa hawatumii dawa. Hai kuna barabara nzuri kuliko vijiji vyetu vingi. Hapa kwetu mtu huteremka na kupanda milima nusu siku kwenda kituo cha afya, na akifika anaambiwa dawa imekwisha.

Umbali hata hivyo si kizuizi pekee. Mtoto akiangukia mafigani, watu wazima husita kumshika kwa kuogopa lile povu, na kovu la moto humfuata maisha yake yote. Huachishwa shule. Msichana hufichwa ili ndugu zake wasikose wachumba. Hata lugha yetu inachangia: neno "wazimu" ni ndugu wa "mzimu", na mtu akishaitwa hivyo, jirani anawaza pepo kabla hajawaza zahanati.

Wengine hutaja Biblia. Ni vema, tuisome. Yule kijana aliyekuwa akiangukia motoni na majini, Marko sura ya 9 humtaja kuwa ana pepo, lakini Mathayo sura ya 17, katika Biblia yetu ya Kiswahili, huutaja ugonjwa wake kwa jina: kifafa. Katika Marko, kabla ya kuponya, Yesu anamwuliza baba hali hiyo ilianza lini. Ndilo swali la kwanza ambalo mganga wa zahanati naye huuliza. Baba anajibu mbele ya watu wote, na hakuna anayemfukuza.

Jinsi ya kuitisha mazungumzo. Milima hii inajua baraza lisilosikiliza. Miaka ya 1940 na 1950 serikali ya Waingereza iliita mabaraza, Mlalo na kwingineko, kuwaamuru watu wachimbe matuta mashambani mwao. Watu waliitwa kusikia, hawakuitwa kusema, na mpango ukaachwa kabla ya Uhuru. Kwa hiyo kikao kisiwe hotuba ya daktari. Aliye na kifafa au mzazi wake aseme kwanza, lakini aombwe siku kadhaa kabla, nyumbani kwake, na akikataa asisukumwe. Si maonyesho. Mwalikeni sheikh wa kijiji, kwani wagonjwa wako misikitini kama walivyo makanisani, na mganga wa jadi pia, maana familia nyingi huanzia kwake. Waiteni bibi na wajomba, kwa kuwa katika Usambara uamuzi wa mgonjwa atibiwe wapi hufanywa na ukoo, mama wa mtoto akiwa mara nyingi mwenye sauti ndogo kuliko wote. Mkiingia kwenye swali la nani kamroga, mwenyekiti alisimamishe mara moja. Anayetuhumiwa huwa bibi kizee fulani aliyekaa hapo hapo.

Neno kwa wafadhili. Taarifa zetu hupenda kuhesabu mikutano na mahudhurio. Sisi tungependa mtuulize kama zahanati ilikuwa na dawa mwezi wa nne baada ya mkutano. Mgonjwa wa kifafa akikatishwa dawa ghafla anaweza kuanguka mfululizo, na hata kufa. Kamati inayowaamsha watu waanze dawa bila kuwa na uhakika wa akiba inawatia hatarini. Basi kabla ya kupanga tarehe, katibu aende kwa mganga mfawidhi aulize dawa zilizopo, na siku ya kliniki.

Mwisho wa kikao, tandikeni mkeka mjifunze kwa vitendo. Mtu mmoja ajifanye ameanguka. Msogezeni mbali na moto, mwekeeni nguo laini chini ya kichwa, mlegezeni nguo ya shingoni, kisha mlazeni ubavu. Msimtie kijiko wala kitambaa kinywani, msimbane mikono, msimpe maji. Mmoja atazame saa: ikipita dakika tano bila kutulia, apelekwe kituo cha afya. Akizinduka huwa amechanganyikiwa na pengine amejikojolea, kwa hiyo mtu wa karibu amfunike khanga, abaki naye, amwambie yuko wapi.