Mtego mtupu, maembe yana funza: soma bawa la inzi kabla hujanunua kivutio

Msimu wa maembe ukikaribia, swali huwa ni lile lile: "Afisa, mtego wangu hauna inzi, mbona maembe yana funza?" Mara nyingi kivutio kilichomo kwenye mtego siyo cha inzi aliyepo shambani.

Vivutio vya madume vinachagua. Methili eujenoli inamvuta dume wa Bactrocera dorsalis, yule mgeni kutoka Asia aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003. Ceratitis cosyra, inzi wa maembe wa hapa hapa Afrika, hana habari nayo. Yeye anafuata terpinili asetati. Kwa hiyo mtego mtupu haumaanishi shamba safi. Mjue inzi wako kwanza.

Hatua ya 1: tumia macho

Weka maembe yenye funza kwenye ndoo yenye mchanga mkavu, funika kwa kitambaa chepesi, subiri wiki mbili hadi tatu. Inzi wakitoka, wape pamba yenye maji ya sukari kwa siku chache hadi rangi zikolee. Kisha angalia bawa:

- Bawa angavu, ukingo wa mbele una mstari mwembamba mweusi, na mgongoni kuna michirizi miwili ya njano: huyo ni Bactrocera dorsalis.
- Bawa lina mikanda ya njano au kahawia: ni jamii ya Ceratitis.

Hatua ya 2: maabara inapima bawa

Ugumu uko kwa ndugu wanaofanana. Ceratitis rosa, C. fasciventris na C. anonae wanatofautishwa kwa miguu ya madume, lakini majike wao wanachanganya hata wataalamu. Mwaka 2016 C. rosa wenyewe waligawanywa, kundi moja likapewa jina la C. quilicii. Hapo ndipo vipimo vya bawa vinasaidia.

Bawa linatolewa, linabanwa kati ya vioo viwili na kupigwa picha kwenye hadubini. Kila mahali mishipa ya bawa inapokutana panawekwa alama. Kila alama inapata namba mbili, kama vile simu yako inavyopata GPS ya kona za shamba. Kompyuta inayaweka mabawa yote kwenye ukubwa mmoja na mwelekeo mmoja, halafu inalinganisha umbo lililobaki na la inzi ambao spishi yao inajulikana.

Kwa nini umbo na siyo ukubwa? Kwa sababu funza waliobanana kwenye embe moja dogo hutoa inzi wadogo, hata kama ni spishi ile ile. Ukubwa unafuata chakula. Mpangilio wa mishipa unafuata zaidi ukoo. Hata hivyo dume halinganishwi na jike, na kwa ndugu wa karibu sana makosa hutokea, ndiyo maana maabara huongeza kipimo cha DNA.

Yule mgeni wa 2003 ni mfano mzuri. Mwaka 2005 alipewa jina lake mwenyewe, Bactrocera invadens. Watafiti wakalinganisha mabawa, DNA na hata uwezo wa kuzaliana, na mwaka 2015 ikakubalika kuwa ni B. dorsalis yule yule.

Wewe ufanye nini?

1. Ukiona mikanda kwenye bawa, usitegemee methili eujenoli peke yake. Ongeza mtego wa chambo cha protini, ambao unavuta majike na madume wa spishi nyingi.
2. Ukitaka uhakika, weka inzi 10 hadi 20 kwenye chupa ndogo yenye spiriti. Usiwaponde wala kuwashika kwa mabawa. Bawa likichanika halipimiki.
3. Tumbukiza karatasi yenye tarehe, eneo, aina ya tunda na kivutio. Andika kwa penseli, wino wa kalamu unayeyuka. Mpe afisa ugani wako aifikishe maabara.
4. Wakati unasubiri majibu, okota maembe yaliyoanguka kila siku, yafukie nusu mita au zaidi. Kazi hii inapunguza inzi wa kila spishi.

Anayelenga soko la nje asilichukulie hili kirahisi. Kenya ilisimamisha kupeleka maembe Ulaya mwaka 2014 kwa sababu ya inzi hawa, na soko lilifunguka tena mwaka 2021. Funza mmoja kwenye boksi anatosha kukataliwa mzigo mzima.